Speke, jua la Misungwi na maji yanayopaa

Mwishoni mwa Julai 1858 mzungu mmoja wa miaka 31 alipita kwenye ardhi ambayo leo ni Wilaya ya Misungwi akiwa juu ya punda, macho ameyafumba. Hakuwa amelala. Punda alikuwa anavutwa na mtu, naye juu yake ametulia kama mgonjwa anayepelekwa zahanati. Alikuwa ametoka Uingereza, akavuka bahari, akatembea kutoka pwani mpaka Tabora, akaenda Ujiji na kurudi, yote hayo kwa ajili ya kuona maji. Sasa maji yenyewe yanakaribia, na yeye hawezi kufumbua macho kwa sababu ya jua.

Jamaa huyo ni John Hanning Speke. Shule ya msingi tulimkariri pamoja na Burton, Livingstone na Stanley, tukajibu mtihani, tukamsahau. Mimi nilimrudia kwa sababu ya yale macho. Mtu aliyekuja kutafuta chanzo cha Mto Nile alipigwa usoni na kitu ambacho, ukifuatilia vizuri, ndicho kinachoendesha maji yote ya ziwa lile. Alikitafuta chanzo chini, kwenye ardhi, wakati sehemu kubwa yake ilikuwa juu ya kofia yake.

Lakini tuanze na mtu mwenyewe. Alizaliwa tarehe 4 Mei 1827 huko Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza, kwenye familia yenye ardhi na farasi. Vitabu havikumvutia, bunduki ndiyo ilimvutia. Mwaka 1844 akajiunga na jeshi la Kampuni ya Mashariki ya India, akapigana Punjab, na kila akipata likizo anapanda milima ya Himalaya mpaka Tibet kuwinda na kuchora ramani. Huko ndiko alikojifunza kupima ardhi. Ujuzi huo ndio uliokuja kumtofautisha na Richard Burton, ambaye alijua lugha nyingi kuliko mtu yeyote wa kikundi chao lakini vipimo hakuvipenda sana.

Hawa wawili walikutana kwenye safari ya Somalia. Aprili 1855, karibu na Berbera, kambi yao ilivamiwa usiku. Burton alichomwa mkuki wa shavu. Speke alikamatwa, akafungwa mikono, akachomwa mikuki mara kumi na moja, kisha akakurupuka na kukimbia akiwa bado amefungwa, mpaka akawafikia wenzake. Mtu wa kawaida angekwenda nyumbani akakaa. Yeye miaka miwili baadaye alikuwa tayari pwani yetu, na Burton yuleyule, wakielekea bara.

Msafara wao uliondoka pwani Juni 1857, ukafika Tabora, ambayo wao waliiita Kazeh, mwezi Novemba. Wakaendelea magharibi. Februari 1858 walipofika Ziwa Tanganyika, Burton aliona ziwa. Speke aliona ukungu na mng'ao tu, maana macho yalikuwa yamevimba kiasi cha kukaribia upofu. Kule ziwani pia mdudu aliingia sikioni mwake usiku, akajaribu kumtoa kwa kisu, akaumia, akakaa muda mrefu bila kusikia vizuri upande mmoja. Kwa hiyo tukisema alifika Misungwi akiwa hoi, hatutii chumvi.

Waliporudi Tabora, Burton alikuwa mgonjwa. Mfanyabiashara wa Kiarabu, Snay bin Amir, alishawaeleza kwamba kaskazini kuna ziwa kubwa kuliko lile la Ujiji. Angalia hapo: habari ya ziwa ilikuwa sokoni Tabora, inajulikana na wafanyabiashara na wapagazi, kabla Speke hajafunga mzigo. Akaomba aende kulitazama. Julai akaondoka na msafara mdogo, akiongozana na Sidi Mubarak Bombay. Bombay alikuwa Myao, aliyekamatwa utotoni akauzwa utumwani, akaishia India, akarudi akiwa huru. Speke hakujua Kiswahili cha kutosha wala Kisukuma. Yeye na Bombay walizungumza Kihindustani. Kila alichosikia kutoka kwa Msukuma kilipita kwa Bombay kwanza. Wale mnaosoma tafsiri mnajua uzito wa jambo hilo.

Sasa tuje kwenye macho. Alikuwa na miwani yenye vioo vya kijivu kwa ajili ya kuzuia mwanga. Tatizo, watu njiani hawakuwahi kuona kitu cha namna ile. Walimfuata, wakainama na kuchungulia chini ya kofia yake wamwone mtu mwenye macho mawili juu ya macho mawili. Zogo likawa kubwa mpaka akashindwa. Akaivua miwani, akaitia mfukoni, akafumba macho, akamwachia punda njia. Mimi nikisoma hapo nacheka, halafu namwonea huruma.

Kwa nini jua lilimpiga vile? Kitabu chake hakifafanui, ila hesabu ya jiografia ya sekondari inatosha. Misungwi iko karibu nyuzi 3 kusini mwa ikweta. Mwishoni mwa Julai jua la utosini liko nyuzi 18 hivi kaskazini mwa ikweta. Toa, jumlisha: saa sita mchana, mtu wa Misungwi analiona jua limeinama nyuzi 21 hivi upande wa kaskazini. Na Speke, kutoka Tabora kwenda Mwanza, alikuwa anaelekea wapi? Kaskazini. Asubuhi jua liko mbele kulia, mchana liko mbele, jioni liko mbele kushoto. Angesafiri Januari, lingekuwa mgongoni. Ongeza kwamba ni kiangazi, mawingu machache, majani yamekauka, udongo mweupe unarudisha mwanga juu, na nchi yenyewe iko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, hewa ya kuchuja miale imepungua kidogo.

Mwanga huo unatumia dakika 8 na sekunde 20 hivi kutoka kwenye jua hadi kwetu. Ukifika juu kabisa ya angahewa, kila mita moja ya mraba inayoelekea jua inapokea wati 1,361 hivi. Baada ya hapo yanatokea mambo ambayo mwanafunzi yeyote anayesubiri bumu atayaelewa: hela inatoka nzima, makato yanaanza njiani. Chukua kwamba jua limetuma shilingi 100. Kwa wastani wa dunia nzima, shilingi 30 zinarudishwa anga za mbali bila kufanya kazi yoyote, nyingi zikirudishwa na mawingu, nyingine na hewa yenyewe, mchanga na barafu. Shilingi 23 hivi zinabaki angani, zinamezwa na mvuke, vumbi, mawingu na gesi ya ozoni, ambayo ndiyo inayokamata sehemu kubwa ya miale ya urujuanimno. Zinazofika chini na kumezwa na ardhi na maji ni kama 47.

Na hizo 47 zinaliwa vipi? Hapa ndipo penye utamu. Ungedhani kazi kubwa ni kupasha ardhi joto. Kumbe karibu nusu yake, shilingi 25 hivi kati ya zile 100 za mwanzo, inakwenda kwenye kuvukiza maji. Kugeuza maji kuwa mvuke ni kazi ghali sana. Lita moja ya maji yanayochemka, ili yote yageuke mvuke, inadai joto mara tano na zaidi ya lile lililotumika kuyatoa kwenye ubaridi wa barafu mpaka yakachemka. Aliyewahi kusahau sufuria kwenye jiko la umeme hosteli anajua: kuchemka ni haraka, kukauka kunachukua muda. Hilo joto halipotei. Linasafiri ndani ya mvuke, na mvuke ukigeuka wingu linaachiwa huko juu.

Ardhi nayo ikishapata joto inalirudisha juu, safari hii kama miale ya joto isiyoonekana kwa macho. Mvuke na kabonidayoksaidi vinaizuia kwa kiasi fulani, na ndiyo maana usiku wa masika Mwanza unalala umejifunua, lakini usiku wa Julai, hewa ikiwa kavu na anga jeupe, unatafuta blanketi. Mtu aliyelipima jambo hili maabara kwa mara ya kwanza kwa vifaa vya kuaminika ni John Tyndall, jijini London, Mei 1859. Mwezi huohuo Speke alirudi Uingereza na habari za ziwa. Mmoja ameshika maji, mwingine ameshika joto, mji mmoja.

Nimetangulia mbele. Turudi kwenye punda.

Tarehe 30 Julai msafara uliona maji ya kwanza, ncha ya kusini ya mkono mrefu wa ziwa ambao sasa tunauita Ghuba ya Mwanza. Ukisimama leo kwenye daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa 2025, unakuwa juu ya mkono huohuo. Speke aliufuata upande wa mashariki, ndio upande wa Misungwi, mpaka asubuhi ya tarehe 3 Agosti akapanda kilima na kuona ziwa lenyewe limefunguka mbele yake, na visiwa na majabali. Ilikuwa asubuhi na mapema, jua halijakali, na macho safari hii yalifanya kazi.

Alipokelewa na Mahaya, mtemi wa Mwanza. Akauliza ziwa linaishia wapi. Mtu mmoja aliyesifika kwa kusafiri kuliko wote pale alitazama kaskazini, akarusha mkono mbele akipiga vidole tena na tena, akaonyesha kwamba halina mwisho anaoujua yeye, pengine linakwenda mpaka mwisho wa dunia. Speke alitaka mtumbwi, hakupata. Alikaa siku tatu tu. Alipima kimo cha ziwa kwa njia ya kuchemsha maji: kadiri unavyopanda juu maji yanachemka kwa joto dogo zaidi, hivyo kipimajoto kinakuwa kipimo cha urefu. Akapata zaidi kidogo ya futi 3,700. Vipimo vya leo vinasema mita 1,134, sawa na futi 3,720 hivi. Kwa mtu mwenye macho yale na vifaa vya safari iliyochoka, hiyo ni A.

Kutokana na kimo hicho, ukubwa alioelezwa na upande ziwa linakoelekea, akakata shauri kwamba hapa ndipo Nile inapotoka. Siku tatu, kilima kimoja, hakuona mto wowote ukitoka. Ukipeleka hiyo kwa supavaiza unarudishwa na kalamu nyekundu kila ukurasa. Burton ndivyo alivyofanya. Agosti 25 Speke alirudi Tabora, akamweleza, Burton akakataa, na kuanzia hapo wakawa wanasafiri pamoja bila kuligusa tena jambo hilo. Mei 1859 Speke alitangulia kufika London, akaenda mara moja kwa wakuu wa Chama cha Jiografia cha Kifalme. Burton alifika wiki mbili baadaye akakuta mwenzake ameshapewa safari nyingine. Hakusamehe.

Safari hiyo, 1860 mpaka 1863, alikwenda na James Grant. Alipita Karagwe kwa Rumanyika, akakaa Buganda kwa Kabaka Mutesa, na tarehe 28 Julai 1862, karibu na Jinja ya leo, akasimama mahali maji yanapotoka ziwani kwa kishindo. Akapaita Maporomoko ya Ripon. Hata hivyo hakulizunguka ziwa wala hakuufuata mto bila kuruka sehemu, kwa hiyo wapinzani wakaendelea kusema huenda ni maziwa kadhaa na siyo moja. Kitabu chake cha safari kina ubaya wake pia. Humo alieneza nadharia kwamba watawala wa maeneo haya ni taifa jingine lililotoka kaskazini, bora kuliko watu wao. Alikuwa hana ushahidi wowote, na maneno hayo yalikuja kutumika vibaya sana Rwanda na Burundi miaka mingi baada yake. Kwa hiyo tunaye mtu aliyebahatisha ukweli kuhusu maji na kukosea vibaya kuhusu watu, kwa mtindo uleule wa kukata shauri mapema.

Ila kitabu hichohicho kina jedwali moja ambalo wengi hulipita. Ni hesabu ya siku zilizonyesha mvua tangu Zanzibar mpaka Gondokoro, mwezi kwa mwezi. Sijui ni wapelelezi wangapi wa wakati ule walihangaika kuhesabu siku za mvua. Yeye alihesabu, na nikiliangalia jedwali lile naona alikuwa amebakiza hatua chache.

Maana hesabu ya Ziwa Viktoria iko hivi. Ziwa lina eneo la kilomita za mraba 68,800 hivi, lakini kina chake kwa wastani ni mita 40 tu. Ni sinia, siyo chungu. Maji yanayoingia, karibu nne ya tano ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe. Kagera, Mara, Simiyu na mito mingine yote ikijumlishwa inaleta kilichobaki. Na maji yanayotoka, kiasi cha robo tatu yanapaa. Robo iliyobaki ndiyo inayoitwa Nile. Kila mwaka jua linanyanyua tabaka la maji lenye unene wa mita moja na nusu hivi kutoka kwenye ziwa lote. Mvua ikikoma kabisa na jua likabaki, sinia hilo linakauka ndani ya kizazi kimoja. Siyo hadithi ya kutisha watu: miaka elfu 15 hivi iliyopita, enzi ya ukame, ziwa lilikauka kweli, na majani yaliota chini yake.

Maji ni meusi kwa jua. Likiwa juu angani, ziwa linarudisha sehemu ndogo sana ya mwanga, kama asilimia 5 au 6, na kumeza kilichobaki. Jioni jua likishuka, mambo yanageuka, uso unakuwa kioo na wavuvi wa Misungwi wanakunja nyuso. Mchana nchi kavu inapata joto haraka kuliko ziwa, upepo unavuma kutoka majini kuja bara. Usiku nchi inapoa, ziwa limehifadhi joto lake, upepo unageuka kwenda majini kutoka pande zote, unakutana katikati, unapanda na mvuke wote uliokusanywa mchana. Ndiyo sababu radi nyingi za ziwani ni za usiku, na ndiyo sababu wanaokwenda dagaa kwa taa usiku wanakutana na dhoruba wakati sisi tumelala. Kila mtu wa kando ya ziwa anamjua mtu ambaye hakurudi.

Kwa kuwa kinachoingia na kinachotoka ni vikubwa vyote viwili na vinakaribiana, tofauti ndogo inatosha kufanya makubwa. Mvua zilizoanza 1961 ziliinua ziwa kwa zaidi ya mita mbili kufikia 1964. Mwaka 2020 na tena 2024 maji yalipanda juu ya alama ile, yakaingia kwenye nyumba, mialo na mashamba ya ufukweni. Dunia inapoongezeka joto, jua linavukiza zaidi na wingu linashika zaidi. Kipi kitazidi kingine juu ya ziwa letu ni swali ambalo mtu fulani anayesoma gazeti hili idara ya jiografia au hali ya hewa angeweza kulifanyia kazi, badala ya kurudia tasnifu ya kaka zake.

Speke hakuishi kuyajua haya. Chama cha kisayansi cha Uingereza kiliandaa mdahalo mjini Bath, yeye na Burton jukwaa moja, tarehe 16 Septemba 1864. Siku moja kabla, mchana, walionana ukumbini bila kusemeshana. Speke akatoka, akaenda kuwinda kwareng'o kwenye shamba la ndugu yake Neston Park. Akiwa anavuka ukuta mfupi wa mawe bunduki ililipuka ikampiga kifuani. Alikuwa na miaka 37. Baraza la uchunguzi lilisema ni ajali. Wengine mpaka leo wanasema alijiua kwa kuogopa mdahalo. Mimi naamini ajali. Mtu aliyekimbia Berbera na mikuki mwilini hamwogopi Burton. Walimzika Dowlish Wake, Somerset.

Kesho yake watu walijaa ukumbini kusubiri mdahalo, wakapewa taarifa ya kifo. Miaka kumi na moja baadaye, 1875, Stanley alilizunguka ziwa lote kwa mashua akianzia upande wetu wa Mwanza, akakuta ni ziwa moja, na njia ya maji kutoka ni ile ya Jinja. Maporomoko ya Ripon yenyewe hayaonekani tena. Yalifunikwa na maji bwawa la Owen lilipokamilika 1954, na tangu hapo maji yanayokwenda Misri yanapitia kwenye milango ya chuma, yanapimwa na kuandikwa kila siku. Yale mengine, yanayopaa mchana mbele ya Kigongo, hayana mlango.